Mwalimu, Sijakula

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amenipa daftari hili niandike namba tu: sukari ya asubuhi, sukari ya jioni, basi. Lakini nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne katika shule za msingi za Eastlands, na siwezi kuandika namba bila sentensi ya kuisindikiza. Namba zitakaa pembeni. Hapa katikati nitaandika yanayotokea humu nyumbani, orofa ya tano, mtaa wa Pipeline, mpaka siku tutakayorudi kliniki, tarehe 29 Mei.

Mgonjwa ni mke wangu, Nafula. Kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Kidonda kimetokea kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na hakukijua mpaka soksi iliponata, maana mguu huo umekwisha kufa ganzi. Daktari alikitazama muda mrefu. Akasema sukari isiposhuka kufikia mwisho wa masika, kidonda hakitapona na atalazimika kukata. Nikamwuliza atakata nini. Hakugusa kidole. Aliweka kiganja chake chini kidogo ya goti la Nafula, akakiacha hapo.

Tulipanda ngazi kurudi nyumbani. Asubuhi 16.8, jioni 18.1.

Jumanne, 11 Machi

Nilisahau kuandika habari za mtaalamu wa lishe. Ni msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Alimwambia Nafula apunguze chakula cha wanga: ugali, wali, chapati, viazi, mkate, uji. Ugali usizidi ngumi yake moja kwa mlo.

Nafula akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa Wanga, kule Mumias, katikati ya miwa. Sasa unataka niache Wanga niende wapi?"

Yule msichana alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nakiona kiganja cha daktari.

Nimekwisha kata shauri. Ngumi moja ya leo itakuwa ngumi mbili kesho, nawajua watoro. Humu ndani hakuna ugali tena, wala mkate, wala kiazi. Unga nimempelekea mlinzi wa lango. Sukari nimeimwaga kwenye sinki na kuisukuma na maji ya kuoshea vyombo. Nafula alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, akinitazama.

"Hata ya wageni?" akauliza.

"Hata ya wageni."

Sindano za insulini namdunga mimi, asubuhi na jioni, kwa sababu macho yake hayaoni tena vistari vya bomba. Asubuhi hadi kistari cha ishirini na sita, jioni hadi cha kumi na nne. Wauguzi walisisitiza jambo moja tu: asidungwe kama hajala.

Jumatano, 12 Machi

Chakula cha jioni: mboga ya terere, mayai mawili, nusu parachichi. Alikimaliza chote, akanawa mikono. Kisha binti yetu Lydiah akapiga simu kutoka Njiru kumjulia hali.

"Sijakula, mama," Nafula akamwambia. "Baba yako amenipa mboga."

Alipokata simu nikamwambia, "Si *sijakula*. Ni *sijala*. Vitenzi vya silabi moja huangusha *ku-* hapo. Halafu umekula. Nimekuona kwa macho yangu."

Akanitazama kama ninavyotazamwa na mwanafunzi aliyekwisha kata tamaa na darasa.

"Mwalimu, nikisema sijala, hiyo njaa itapungua?"

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeanza. Asubuhi 13.2. Anasema hajala.

Jumapili, 16 Machi

Kwa yeyote atakayesoma daftari hili baadaye, nieleze. Kwao Nafula, mtu akila kuku mzima bila ugali, ukamwuliza kama amekula, atakujibu hapana, na hatakuwa anadanganya. Chakula ni ugali. Vingine vyote ni vya kusindikizia. Mimi ni Mkamba, nimeishi na jambo hili miaka thelathini na minane na nililiona la kuchekesha. Sasa nalisikia mara mbili kwa siku, baada ya kila sahani, na halinichekeshi tena. Leo nilimpikia matumbo kwa mboga ya managu na maziwa lala, nikaupanda mlima mzima wa ngazi na ndoo mbili za maji kwa sababu mfereji umekauka. Alipomaliza akasema, "Asante. Sijakula, lakini asante."

"Sijala," nikasema.

Asubuhi 11.9. Inashuka.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimegombana na Habon, ingawa ugomvi wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja.

Habon ni jirani wa mlango unaotazamana na wetu. Anauza vitambaa Eastleigh. Ni mwaka wa kumi na moja tunaishi hivi, mlango kwa mlango, na kila Ramadhani, baada ya adhana ya magharibi, hutuletea chupa ya chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, sambusa na tende. Hiyo chai yake ni sukari iliyotiwa rangi. Juzi nilimrudisha kwa upole. Jana akaleta tena, akasema ametia sukari kidogo tu. Leo nikamsubiri mlangoni.

"Habon," nikamwambia, "katika nyumba hii chai yako ni sumu. Kama unampenda Nafula, usirudi na hiyo chupa."

Ng'ang'a wa hapo kando alikuwa akifunga mlango wake, akasikia. Habon aliishika chupa kwa mikono miwili, na alikuwa hajafuturu bado.

"Sawa, Mwalimu," akasema. Akarudi kwake.

Nafula alikuwa amesikia pia. 

Asubuhi 10.4, jioni 11.0. Nadhani nilifanya la haki, hata kama sikulisema vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Hajala, anasema.

Jumanne, 25 Machi

9.1! Tarakimu moja kwa mara ya kwanza. Nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Kidonda kimeanza kukauka pembeni, harufu imepungua. Nilimwonyesha Nafula duara langu jekundu, akasema, "Umepita, Mwalimu. Pokea zawadi."

Huko chini maji machafu yamejaa barabarani hadi kwenye ngazi ya kwanza. Yeye hawezi kuteremka, kidonda kisilowe. Hajatoka humu ndani siku kumi na tano.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Kila Idd Habon hutuletea pilau na nyama ya mbuzi kwenye sinia lililofunikwa. Leo watoto wa ndugu zake walipanda na kushuka ngazi wakiwa na nguo mpya, vicheko vikijaa kwenye korido. Nafula alivaa leso yake nzuri tangu asubuhi. Aliketi akiutazama mlango mpaka saa tisa.

Sinia halikuja. Lingekuja ningelirudisha, kwa hiyo sijui kwa nini nilikuwa nimeudhika.

Jumapili, 6 Aprili

6.4 asubuhi. Daktari mwenyewe hataamini.

Nafula aliamka ametota jasho, mikono inatetemeka. Anasema mwili umekuwa maji, na moyo unamwenda mbio. Nikamwambia mwili unajifunza kuishi bila ugali, ni lazima ulalamike kwanza. Alikula, akatulia. Nimeandika jasho hapa lakini sijampigia mtu simu. Namba ni nzuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekuta kipande cha chapati chini ya mto wake, kimefungwa kwenye karatasi. Alikipata wapi, hataki kusema. Namshuku Lydiah, alikuja jana. Nikamwekea Nafula darasa refu: mguu, msumeno, kiti cha magurudumu, orofa ya tano isiyo na lifti. Nikamwuliza anataka nimbebe mgongoni kama gunia mpaka lini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ulinioa, Mwalimu. Hukuniandikisha shule."

Nikachukua chapati nikaitupa. Nilikuwa na hofu, ndiyo kweli. Nina hofu kila ninapofungua bandeji. Lakini hofu yangu ikitoka mdomoni hutoka na kiboko, na sijui njia nyingine.

Jumanne, 15 Aprili

5.1. Mvua siku nzima. Anasema hajala. Sikusahihisha, nilikuwa nimechoka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hakwenda kanisani kwa sababu ya matope. Kwaya ya mke wa Ng'ang'a, Mama Ng'ang'a, ilifanya mazoezi hapo kando, naye Nafula akaimba sauti ya pili akiwa kwenye kochi. 4.8.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika haya kwenye benchi la hospitali, wodi ya akina mama. Ni ya juzi, Jumanne. Nitayaandika kama yalivyokuwa.

Jumanne asubuhi nilimpikia mayai mawili na terere, nikaiweka sahani mbele yake. Maji yalikuwa yamekwisha, nikashuka na ndoo. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipopanda tena nilikuwa nahema na nguo zimelowa. Sahani ilikuwa tupu. Nikafurahi. Nikanawa mikono, nikavuta dawa hadi kistari cha ishirini na sita, nikamkalia kando.

Nafula akanishika mkono. Akasema, "Mwalimu, sijakula."

Nami nikasema, "Sijala."

Nikamdunga.

 Siku arubaini na mbili mke wangu alikuwa ameniambia hajakula ilhali amekula, na sikio langu likaziba. Siku aliyosema kweli tupu nilimsahihisha sarufi.

Alisema tena, "Haki ya Mungu tumbo limekataa..." lakini nilikuwa nimekwisha chomoa sindano, na nikasema ndiyo, ndiyo, najua, mboga si chakula. Nikaenda jikoni kuyaweka maji.

Baada ya saa moja hivi nikasikia anazungumza. Alikuwa anaongea Kiluhya, na humu ndani hakuna mtu wa kumjibu Kiluhya. Nikatoka. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, leso imelowa kifuani. Akaniita Makokha, jina la kaka yake aliyefariki zamani. Aliniambia ng'ombe wameingia kwenye miwa. Nikadhani ananitania, nikamwambia aache. Halafu nikaona macho yake hayanioni.

Nikampima. Mashine ikasema 2.1.

Hilo nililijua. Walitufundisha kliniki, liko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji yangu mwenyewe: sukari ikishuka chini ya nne, mpe kitu kitamu upesi. Nikakimbilia jikoni. Nikafungua kabati. Nikafungua kopo la sukari, ambalo nililiosha kwa mkono wangu na kulitia karanga. Hakuna sukari. Hakuna asali, hakuna ndizi, hakuna soda. Nilikuwa nimeisafisha nyumba ile ya kila kitu ambacho kingeweza kumwokoa.

Nikatoka kwenye korido nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Sukari! Jamani, sukari! Sukari!"

Milango ikafunguka. Ng'ang'a akaja mbio, fulana tu mwilini, akanishika bega. "Pole sana Mwalimu. Hiyo sukari ni mbaya. Hata mamangu alikuwa nayo."

"Sukari!" nikasema.

"Tunajua, Mwalimu. Kaza moyo."

Mama Ng'ang'a akaingia ndani, akamwona Nafula, akapiga magoti akaanza kuomba. Mtu mwingine akasema sukari imempanda, ni hiyo Pasaka, asipewe kitu chochote kitamu. Wakaanza kubishana nani ana gari, na maji ya chini yamefika wapi. Wote walikuwa wamekuja kunisaidia. Nami, mwalimu wa lugha, nilisimama katikati yao nikilia neno moja, na neno hilo lilikuwa na maana mbili, na kila mmoja aliichukua ile nyingine. Sikuweza kupata sentensi. Miaka thelathini na minne ya sentensi, na hakuna hata moja iliyokuja.

Mlango wa Habon ulikuwa umefunguka kidogo. Alisimama pale, hakutoka. Nikamwangalia.

Akauliza, "Mwalimu, sukari gani? Ya ugonjwa ama ya chai?"

"Ya chai!" nikasema. "Ya chai, Habon! Imeshuka!"

Hakungoja nimalize. Alitoka na ile chupa na vikombe viwili, akawapita wote, akamsukuma Mama Ng'ang'a kando na maombi yake. Akaimimina chai kutoka kikombe kimoja hadi kingine, mara kumi, ipoe. "Mwinue kichwa," akaniambia. "Anameza? Nafula! Nafula, abaayo, dada yangu, meza." Akampa kijiko cha kwanza, nusu kikamwagika kidevuni. Cha pili akameza. Nilikuwa nimemshika kichwa, nikihesabu vijiko, na kila kimoja nilikisindikiza na maombi ingawa mimi si mtu wa kuomba. Kikombe kiliisha. Akampa cha pili.

Sijui ni dakika ngapi. Jasho likaanza kukauka. Macho yakazunguka chumba yakatua kwangu. Nafula akaramba midomo, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Hii chai si ya Mwalimu."

Nilikaa sakafuni nikalia mbele ya jirani zangu wote.

Ijumaa, 25 Aprili

Jumanne ile tulimfikisha hospitali, wakaamua kumlaza siku tatu wamwangalie. Daktari wa wodi ni mtu wa makamo, anaitwa Dakta Qorane. Aliketi nasi na daftari hili mkononi. Alisoma namba za pembeni tu, nashukuru.

"Ugali mlipunguza lini?"

"Hatukupunguza," nikasema. "Niliuondoa. Machi kumi na moja."

"Na sindano?"

"Ile ile. Ishirini na sita na kumi na nne."

Akafunga daftari. "Mwalimu Muthama, kuacha wanga ni jambo zuri. Namba hizi zinaonyesha. Lakini ile dawa ilipimwa kwa mtu anayekula ugali. Ugali ukishuka, dawa nayo lazima ishuke, na anayeishusha ni sisi, hatua kwa hatua. Mlipaswa kupiga simu wiki ya kwanza. Lile jasho la tarehe sita lilikuwa linawaambia."

Kisha akamgeukia Nafula. "Na wewe mama, kwa nini hukumwambia kwamba hujala?"

Nafula alinitazama. Angeweza kunimaliza pale pale. Akasema, "Nilimwambia, daktari. Lakini mimi Kiswahili changu si kizuri."

Alisema hivyo akitabasamu, na ile tabasamu ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Ijumaa, jioni

Tumerudi nyumbani. Nimeingia jikoni nimpikie, nikafunua sufuria ndogo iliyokuwa nyuma ya jiko. Mayai mawili na terere, vimeota ukungu. Alikuwa amevirudisha ndani ya sufuria na kuvifunika, nisije nikasikitika kwamba nimepika bure.

Nikavimwaga, nikaiosha sufuria.

Jumapili, 27 Aprili

Nimebisha kwa Habon. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri tangu asubuhi, hata nimeyaandika, lakini alipofungua nilisema tu, "Habon, nisamehe. Nilikuita muuaji mbele ya watu, na umeniokolea mke."

"Hukuniita muuaji," akasema. "Uliita chai sumu."

"Ni mamoja."

Akaegemea mlango. "Mwalimu, baba yangu alikuwa na sukari miaka ishirini. Hiyo chai siku nyingi ilikuwa sumu kweli. Siku moja moja ilikuwa dawa. Wewe ulitaka iwe kitu kimoja tu." Kisha akaniuliza Nafula amelala au anaweza kupokea mgeni. Akaja na chupa ya chai isiyo na sukari. Wakakaa mpaka adhana wakizungumza habari za watu wa orofa ya tatu, nami nikaosha vyombo.

Nimenunua sukari robo kilo. Nimeirudisha kwenye kopo lake, karibu na mashine ya kupimia. Ni ya kukaa pale tu.

Alhamisi, 1 Mei

Dawa sasa ni kistari cha kumi na sita asubuhi, cha nane jioni. Ugali upo: ngumi yake moja, mchana. Nampimia kwa ngumi yake kweli, anaikunja anaiweka kando ya sahani. Leo niliusonga mwenyewe, ukatoka na madonge. Akauangalia, akaunusa, akasema, "Huu ni uji uliokufa." Lakini aliula na sukuma wiki na omena mpaka mwisho.

7.9. Zamani ningekunja uso kwa hiyo namba. Leo nilimshukuru Mungu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kubwa, umeme hakuna. 8.3.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Kariokor kwa Laban, mwanafunzi wangu wa zamani, anayeshona viatu vya ngozi na akala za matairi. Nilimpelekea umbo la mguu wa Nafula nililolichora kwenye karatasi, bandeji na vyote. Nikamwambia nataka ndara pana, isiyobana popote, ndani laini, kwa mtu asiyehisi akichomwa.

Akatazama karatasi. "Mwalimu, nikate kwa kipimo hiki, ama ningoje daktari aseme?"

 Nikamwambia angoje.

Njiani nilifikiria kwamba mwezi wa Machi ningeagiza kiatu hicho bila hata kumwuliza Nafula rangi. Nilipofika nyumbani nikamwuliza. Anataka nyekundu.

Ijumaa, 23 Mei

Kidonda upande wa nje kimefumba. Kwenye ncha ya kidole bado cheusi. Hatuzungumzi habari zake. Jioni alinyoosha mguu juu ya mapaja yangu, nikaukanda taratibu kutoka kwenye goti kushuka. Nilipofika pale daktari alipoweka kiganja chake, nikapunguza mwendo. Naye alijua.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa sana."

"Mbona hukusema tangu mwanzo? Mimi nilidhani umenikasirikia."

Alhamisi, 29 Mei

Kliniki. Mvua ilitunyeshea mpaka mlangoni. Ng'ang'a na kijana wa duka la chini walimbeba Nafula kwa kiti wakavuka naye maji, miguu yake juu, akiwapungia watu mkono.

Daktari alifungua bandeji, akabonyeza, akanusa, akatuma apigwe picha. Tulingoja saa tatu. Alipotuita tena alikaa chini kwanza, na nikajua.

Mfupa wa kidole kidogo umekufa, akasema. Kidole kitaondoka. Kisha akasogeza kiti, akaweka kiganja juu ya unyayo wa Nafula. "Lakini mguu unapata damu, na sukari imetulia. Mguu huu tunauacha. Mwezi Machi nisingewaambia hivi."

 Nafula alikitazama kile kidole kwa muda, kikiwa cheusi pale mwisho wa mguu.

"Kitangulie," akasema. "Sisi tutakifuata polepole."

Jumanne, 3 Juni

Wamekikata saa nne asubuhi. Ametoka akiwa macho, akauliza kama Habon amemwagilia sukuma wiki zake za kwenye ndoo. Nilikwenda chooni nikakaa huko kidogo peke yangu, kisha nikarudi.

Nimempigia Laban simu. Nimemwambia akate kwa kipimo cha vidole vinne.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua zimekwisha. Huko chini matope yameanza kuwa vumbi. Ndara nyekundu ziko mlangoni, bado hajazivaa, anasema zinangoja kanisa.

Daftari limebaki kurasa mbili. Daktari akilitaka nitampa namba kwenye karatasi nyingine, hili ni letu.

Leo asubuhi nilimpikia mayai mawili na kunde. Nilikwenda kumpokea mtu wa maji mlangoni, nikarudi. Sahani ilikuwa tupu, imepanguswa safi. Nikavuta dawa hadi kistari cha kumi na sita. Nikamkalia kando, nikamwuliza, "Umekula?"

Akaniangalia. Sijui kama alikuwa anasema kweli, au alikuwa ananitania, au alitaka tu kuona nitafanya nini.

"Sijakula," akasema.

Niliweka sindano chini, nikaenda jikoni kufunua sufuria.